Swali la Mama Rukiyo: Nyumbani Anakamua Nani?

Saa moja kasorobo asubuhi, Rukiyo Shurie amesimama kwenye kizuizi cha barabara mashariki ya mji wa Garissa, na ndoo yake ya kupigia deki iko mkononi. Ametoka nayo hospitali bila kujua. Kando yake yuko kijana mrefu wa Meru, Murithi, mwanafunzi wa udresa, kazi ya kufunga vidonda na kupiga sindano, amevaa kaptula ya kaki na kubeba kisanduku cha bati. Kisandukuni mna bomba la kioo, sindano mbili zilizochemshwa, na kichupa kimoja cha dawa ya kifua.

Mbele yao kuna gogo lililolazwa barabarani, waya wa miiba, na koplo.

"Juzi niliwaambia, jana niliwaambia," anasema koplo. "Njia imefungwa."

"Jana ilikuwa siku ya pili," anajibu Rukiyo. "Leo ya tatu. Ya tatu ndiyo mbaya."

Njia imefungwa kwa sababu lori la serikali lilikanyaga bomu lililofukiwa kwenye barabara ya Wajir. Hakuna anayeshangaa tena habari kama hizo katika nchi hii, toka vita vya mashifta vianze. Njia hufungwa, hufunguliwa, watu wakazoea kuuliza asubuhi kama leo inapitika, kama watu wa kwingine wanavyouliza kama mvua itanyesha.

Lakini maili mbili ng'ambo ya gogo kuna kijiji cha serikali, kile ambacho wote wanakiita manyata, ambako wafugaji waliamriwa kukusanyika mwaka huu wakazungushiwa ua. Ndani yake anaishi Awil Ogle, mfugaji wa miaka thelathini hivi, mgonjwa wa kifua kikuu. Ameandikiwa sindano sitini, moja kila siku. Amekwisha kupata hamsini na saba.

Kanuni ya wodi ni kwamba mgonjwa akikosa siku tatu mfululizo, kadi yake inafungwa na hesabu inaanza upya, sindano ya kwanza. Awil alikwisha kusema mapema kwamba hatakubali kurudia. "Mkinirudisha moja," alimwambia Rukiyo, "basi hiyo kadi mnizike nayo."

Koplo huyo, Lazarus kwa jina, mtu wa Machakos, anaisoma barua waliyokuja nayo. Anaisoma tena. Imeandikwa na Bwana Gichuki, mganga msaidizi anayesimamia mafunzo ya udresa. Koplo anauma mdomo.

"Mtu mmoja," anasema mwishowe. "Mwenye kitambulisho cha serikali. Na awe amerudi kabla ya saa tatu, maana msafara ukipita hapa nafunga, hata ungekuwa na barua ya nani."

Murithi ana kitambulisho. Rukiyo hana. Amefagia na kupiga deki wodi hizo kwa miaka kumi na moja, sasa kwa mshahara wa shilingi mia moja na arobaini kwa mwezi, na jina lake liko kwenye orodha ya wafagiaji tu.

"Mimi ndiye najua lugha," anasema.

"Mama, barua haikuandika lugha. Nami naandika mtu mmoja."

Murithi anamgeukia Rukiyo. Humwita eedo, yaani shangazi kwa Kisomali, kama wafanyavyo wanafunzi wote. "Eedo, bila wewe nitamwambia nini?"

"Yale ya kila siku. Nenda, waryaa, wewe kijana. Jua halikungojei."

Kijana anapita chini ya waya, kisanduku amekiinua kifuani. Rukiyo anaigeuza ndoo, anaikalia, na kuanza kungoja.

*

Rukiyo alizaliwa malishoni upande wa Sangailu. Mwaka haujui. Mama yake alimwambia tu kwamba ulikuwa mwaka ambao fisi waliingia mpaka kwenye zizi la ndama. Aliolewa huko na mtu wa ngamia, mtu mpole, anasema, aliyekuwa akiwaimbia ngamia wake kisimani mpaka wenzake wakamcheka.

Mwaka wa 1955 mume huyo akaanza kutema damu. Wakamleta Garissa juu ya lori la chumvi.

"Daktari alikuwa mzuri," Rukiyo anasimulia. "Aliuliza sana. Unakohoa toka lini? Unatoka jasho usiku? Chakula unakula? Anauliza, anaandika. Mimi nimekaa chini pale, nasikia. Nasema moyoni, sasa atauliza. Hakuuliza."

Hakuuliza nini?

"Nyumbani anakamua nani."

Anaeleza polepole. Kwao mwanamke hakamui ngamia. Ng'ombe na mbuzi, ndiyo, lakini ngamia ni kazi ya wanaume. Mumewe alikuwa na ngamia wanne wenye ndama, na mwanamume mwingine nyumbani hakuwapo. Ngamia asipokamuliwa kiwele kinavimba, anakataa ndama, na watu wa nyumbani wanalala njaa.

"Mimi nilijua ataondoka. Ningeulizwa ningesema. Siku ya ishirini na tatu aliamka, akaenda. Si mjinga. Si mkaidi. Alikwenda kukamua."

Alikufa kabla ya mvua ya pili. Rukiyo akarudi Garissa peke yake, kwa miguu na kwa malori, akaomba kazi pale pale hospitali. Walipomwuliza anajua kufanya nini, akasema lolote. Wakampa ndoo.

*

Koplo Lazarus amesogea. Amekuwa akisikiliza huku akijifanya anahesabu risasi. Anamletea Rukiyo chai ya rangi kwenye kikombe cha bati.

"Na huyo kijana wako," anauliza, "anajua ngamia?"

"Alipokuja hapa alifikiri ngamia ni ng'ombe amepatwa na ugonjwa."

Koplo anacheka. Rukiyo hacheki. Anaangalia barabara. Ni saa mbili kasoro kidogo.

*

Mafunzo ya udresa ya hapa yalikuwa na masomo kumi na tisa, na la kumi na tisa liliitwa "Mila na Desturi za Wenyeji". Lilikuwa la saa moja tu, baada ya vidonda, homa, sindano, uzazi, usafi na mengine yote. Tena ratiba, iliyopigwa chapa mbali na huku, ililiweka Ijumaa saa saba mchana.

Saa hiyo wanafunzi Waislamu wako msikitini. Mkalimani yuko msikitini. Rukiyo anaswali.

"Tulibaki sisi watu wa bara," anasema Bwana Gichuki, mtu mfupi wa Nyeri mwenye sauti ya chini. "Mimi nasoma karatasi, wao wananakili. Tunafundishana habari za watu, na watu wenyewe wako ng'ambo ya barabara, ukitega sikio unamsikia imamu. Nilifanya hivyo miaka mitatu. Naona haya kukuambia."

Aliyemzindua ni Murithi, na alimzindua kwa kosa.

Awil alikuwa amelala wodini wakati huo, amefikia sindano ya arobaini na moja. Dada yake, Saynab, akaja kumwona kutoka manyata, akiwa na ruhusa ya kupita na chombo cha maziwa mgongoni. Ni kile chombo kilichosukwa kwa nyuzi za mizizi, ambacho wanawake wa huku hukisafisha kwa moshi. Huingiza kijinga cha mti wenye harufu nzuri, wakakitikisa, wakafunga kifuniko. Maziwa yake hunukia moshi na huweza kuwa na chembe nyeusi za mkaa.

Murithi alikuwa zamu mlangoni. Alifungua kifuniko, akanusa, akaona weusi. Wiki iliyotangulia alikuwa amefundishwa somo la nne, Usafi, kwamba chombo kisichosuguliwa kwa sabuni hakiingii wodini. Akayamwaga maziwa mchangani, mbele ya Saynab, kisha akamrudishia chombo kwa mikono miwili, kwa adabu.

"Niliona nimefanya kazi vizuri," anasema sasa, kwa haya. "Hata nilitaka Bwana Gichuki anione."

Awil alikuwa ameona kupitia dirishani. Alilikunja blanketi la hospitali kwa pembe nne, akaliweka juu ya kitanda, akaondoka na dada yake.

Maziwa yale yalikuwa ya ngamia mmoja aliyebaki kati ya kumi na wawili. Wengine walikufa, maana manyata ni manyata na malisho yako mbali. Aliyekuwa akimkamua ni jirani, mzee mmoja aliyekuja kwa hiari yake siku akijisikia. Siku ile alijisikia. Yale ndiyo yalikuwa maziwa ya nyumba nzima.

"Somo la mila ya maziwa na chombo chake lilikuwa kwenye karatasi ya kumi na tisa," anasema Gichuki. "Mistari miwili. Murithi angeifikia baada ya miezi minne. Ijumaa."

*

Siku iliyofuata Rukiyo aliacha deki katikati ya wodi, akaingia darasani na miguu mibichi. Hakuna mfagiaji aliyewahi kuingia darasani somo likiendelea. Akasema anataka ruhusa ya kwenda manyata, na anamtaka Murithi.

"Nikamwuliza, unamtaka wa nini?" anakumbuka Gichuki. "Akasema, 'Yeye amemwaga. Mimi nitarudisha nini?'"

Kwa Wasomali, mtu akimvunjia mwenzake heshima hutoa haal, kitu cha kupoza moyo. Murithi alichukua ratli mbili za sukari kutoka posho yake mwenyewe. Njiani Rukiyo alimwambia jambo moja tu: "Ukifika, usianze na kifua chake. Uliza ngamia."

Ndivyo alivyofanya. Mbele ya kibanda cha Awil, majirani wamejaa kutazama, kijana akaweka sukari chini na kuomba radhi kwa Kiswahili, Rukiyo akitafsiri. Kisha akauliza: nyumbani anakamua nani?

Awil alijibu kwa Kiswahili chake cha mnadani, maana aliwahi kuuza ng'ombe. "Mimi. Mzee kwisha choka. Leo yeye hapana kuja. Mimi nakamua, au dada nalala njaa. Sindano yako natoka maziwa?"

Hapo ndipo jambo lilipojulikana wazi. Hakuondoka kwa sababu ya maziwa yaliyomwagwa tu. Angeondoka hata hivyo, wiki ile au ijayo, na hakuna aliyekuwa amemwuliza.

Saynab aliichukua sukari. Akachota maziwa kutoka chombo kile kile, akayachemsha, kwa kuwa Rukiyo alikuwa amemnong'oneza achemshe, maana hata maziwa mazuri huweza kubeba ugonjwa. Akampa Murithi mbele ya watu wote. Murithi akanywa mpaka mwisho.

"Yalikuwa matamu?" aliulizwa na wenzake jioni.

"Yalikuwa na moshi," alisema. "Halafu nikayazoea."

Jioni hiyo Gichuki alikubali jambo ambalo halimo katika ratiba yoyote. Awil abaki nyumbani akamue, na sindano imfuate. Wanafunzi wangekwenda manyata kila asubuhi, zamu kwa zamu, baada ya ngamia kukamuliwa, na hilo ndilo lingekuwa somo la sindano. Murithi akaomba zamu zote awe yeye. Tangu siku hiyo amekwenda mara kumi na sita, Rukiyo akiwa kando yake kila mara.

Darasani nako mambo yakageuka. Rukiyo sasa husimama nyuma na ndoo yake. Wakifunza kidonda cha mguu, Gichuki humwuliza, "Mama Rukiyo, tumesahau nini?" Naye husema: mguu huu unatembea kwenda kisima gani, maili ngapi? Wakifunza uzazi, husema: mumewe yuko wapi, na nani atakubali apasuliwe kama yeye hayuko? Wakifunza vidonge: mtu huyu akifunga Ramadhani, atakunywa saa ngapi?

"Zamani nilifikiri haya ni mambo ya pembeni," anasema Gichuki. "Unafunza dawa kwanza, halafu ukipata nafasi unasema habari za watu. Sasa naona dawa haina njia nyingine ya kumfikia mtu."

*

Saa mbili na nusu. Vumbi linaonekana upande wa mji, mbali. Koplo Lazarus anaangalia saa yake, anaangalia barabara ya manyata. Tupu.

"Mama, msafara ule."

"Naona."

"Mimi nikiambiwa nifunge, nafunga."

"Najua, mwanangu. Kazi yako."

Rukiyo ameishika shuka yake kwa mikono miwili. Hofu yake si kwamba kijana atapigwa risasi, ingawa hilo nalo limo. Ni kitu kingine, naye anakisema kwa sauti ndogo, akiangalia chini.

"Kila siku mimi niko pale. Akisahau, namgusa mgongo. Leo hakuna wa kumgusa. Kama atafika na kusema, 'Awil, geuka, sindano,' na ngamia hajakamuliwa, Awil atasema hapana. Siku mbili hatukuja, tayari ana hasira. Na ikiwa hivyo, basi mimi sikufundisha kitu. Nilikuwa nasema tu."

Robo saa baadaye mtu mrefu anatokea penye mti wa mwisho, anakimbia, kisanduku juu ya kichwa. Koplo anainua gogo kabla hajafika.

Murithi anapita, anainama, mikono magotini, anahema. Rukiyo hampi maji kwanza. "Kadi."

Kijana anaitoa mfukoni. Rukiyo hajui kusoma maandishi, lakini anajua mahali pa alama. Anahesabu kwa kidole safu ya mwisho. Alama mpya iko pale, wino wake bado unang'aa. Ya hamsini na nane.

"Ulianza na nini?"

"Nilimkuta anakamua. Nikasimama mbali, upande ambao ngamia ananiona, kama ulivyosema. Nikangoja. Eedo, alikamua polepole huyo mtu, nafikiri kwa makusudi."

"Makusudi. Siku mbili alikungoja wewe. Halafu?"

"Halafu akaniuliza yeye kwanza. Akasema, 'Na kwenu Meru, wewe uko hapa, anakamua nani?'"

Rukiyo anainua macho. "Ukasema?"

"Nikasema mama. Ng'ombe ni mmoja, na mgongo wa mama unauma. Akasema, 'Basi wewe pia nataka kutoroka hospitali.'" Murithi anacheka, kisha anajifuta uso kwa mkono wa shati. "Akageuka mwenyewe, akanipa paja. Sikumwambia."

Koplo Lazarus anajikohoza, anatazama kwingine.

Rukiyo anataka kusimama waende, msafara unakuja. Lakini Murithi anafungua kisanduku. Kando ya bomba la kioo kuna kikopo kidogo chenye kifuniko, kimefungwa kwa plasta, kimeandikwa jina kwa penseli.

"Ni nini hicho?"

"Makohozi ya Saynab. Nimemsikia akikohoa kibandani, eedo. Kikohozi kama cha Awil cha mwanzo. Sikumwuliza yeye, nilimwuliza kaka yake. Awil akasema ni mwezi sasa, anaficha. Nikampa Awil kikopo, Awil akampa Saynab, mimi nikageuka nikaangalia ngamia mpaka wakamaliza."

Rukiyo anakishika kikopo, anakiangalia kwenye jua, anakirudisha mahali pake taratibu, kama yai.

"Hiyo nilikufundisha lini?"

"Hukunifundisha."

Rukiyo anavuta ncha ya shuka na kujifuta jicho moja, la kulia, kama mtu aliyeingiwa na vumbi. Vumbi lenyewe bado liko mbali.

*

Bwana Gichuki ameandika ratiba mpya kwa ajili ya wanafunzi wa Januari na kuipeleka kwa wakubwa wake. Ina masomo kumi na nane. La kumi na tisa halimo. Badala yake, chini ya kila somo ameacha mstari mmoja wazi, na pembeni yake ameandika: "Swali la mfagiaji." Majibu hayajaja. Huenda wakakubali, huenda wakairudisha na Ijumaa yake saa saba.

Rukiyo naye ana mpango wake. Kila Jumamosi anakwenda darasa la watu wazima katika shule ya msingi, anakaa kwenye kidawati cha watoto, magoti yakigusa kidevu. Amefika herufi ya R, ya jina lake mwenyewe.

"Bwana Gichuki ni mtu mzuri," anasema. "Lakini mtu mzuri anaweza kukuambia wameandika, ili ufurahi. Mimi nataka ratiba ikija niisome na macho yangu. Nione kama imeandikwa kila somo, au wamenipa sehemu moja tu."

Msafara unapita, malori saba, askari wamefunika nyuso kwa vitambaa. Baada ya vumbi kutulia, Rukiyo anaigeuza ndoo yake na kuishika mkononi. Murithi amekwisha kutangulia na kisanduku, anatembea haraka, maana kikopo kinatakiwa maabara kabla ya joto.

"Mama," anaita koplo. "Zimebaki mbili?"

"Mbili. Kesho ya hamsini na tisa."

"Basi kesho nitaandika watu wawili. Kitambulisho nitajua mwenyewe la kufanya."

Rukiyo anamwangalia kijana anavyozidi kuwa mdogo barabarani, miguu mirefu, soksi moja imeshuka.

"Andika mmoja," anasema. "Mimi nina sakafu ya kupiga deki."